Jua Haki Zako: Sukari katika Chakula cha Mtoto cha Dukani

Uji wa unga wa kopo, biskuti za kurowekwa na matunda yaliyosagwa ya kichupa huuzwa katika maduka ya Ibra, Sur na Nizwa, Oman, kwa ajili ya watoto waliotimiza miezi 6, na vyakula hivyo vinaweza kuwa vimetiwa sukari kiwandani. Sheria ya Oman haikumwacha mzazi mikono mitupu mbele ya rafu hiyo. Lakini haki aliyonayo kwa nguvu zaidi ni haki ya kujua kilichomo. Kwamba sukari isiwemo kabisa ni jambo jingine, na sababu yake iko kwenye viwango.

Nchi za Ghuba hutunga viwango vyao vya chakula kwa kutazama sana Codex Alimentarius, viwango vya pamoja vya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo. Kiwango cha Codex cha vyakula vya nafaka vya watoto, kilichotolewa 1981 na kupitiwa upya 2006, hakikatazi sukari. Kinaruhusu hadi gramu 5 au 7.5 za sukari ya kuongezwa katika kila kilokalori 100, kulingana na aina ya chakula. Gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4, kwa hiyo asilimia 20 hadi 30 ya nguvu anayoipata mtoto katika uji huo inaweza kutoka kwenye sukari tupu. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku nzima, kwa mkubwa na kwa mdogo. Kiwango kinachoruhusu uji wa mtoto wa miezi 7 uwe na mara mbili au tatu ya sehemu hiyo kinastahili kubadilishwa.

Viwanda vinajua kutengeneza uji usio na sukari. Aprili 2024, shirika la Public Eye la Uswisi, kwa kushirikiana na mtandao wa IBFAN unaotetea unyonyeshaji, lilitangaza matokeo ya kuchunguza bidhaa 115 za uji wa Cerelac wa kampuni ya Nestlé katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Bidhaa 108 zilikuwa na sukari ya kuongezwa, kwa wastani wa karibu gramu 4 kwa mlo mmoja, yaani kijiko kimoja cha chai. Nchini Ethiopia uji wa mtoto wa miezi 6 ulikuwa na zaidi ya gramu 5. Uswisi, nyumbani kwa kampuni hiyo, haukuwa nayo. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi. Jibu hilo linaonyesha wazi kwa nini sheria ya nchi ina uzito.

Oman ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji, Amri ya Sultani Namba 66 ya 2014. Kwa sheria hiyo mnunuzi ana haki ya kupata habari sahihi za bidhaa, kupewa risiti, na kudai fidia akidhurika. Maelezo ya bidhaa lazima yaandikwe kwa Kiarabu, hata kama lugha nyingine ipo pembeni, na tangazo la kupotosha ni kosa. Usalama wa chakula una sheria yake, Amri Namba 84 ya 2008. Kodi ya asilimia 50 iliyowekwa Oktoba 2020 ni ya vinywaji vyenye sukari. Uji wa unga haiugusi.

Kibandiko cha kopo kina sehemu mbili, na wengi husoma ile isiyowasaidia sana. Jedwali la lishe hutaja sukari yote kwa jumla, ikiwamo ile ya asili ya maziwa, ambayo si ya kuogopwa. Ukweli uko kwenye orodha ya viungo, inayopangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Sukari, sukrozi, glukozi, sharubati ya mahindi, asali, sharubati ya tende, juisi ya matunda iliyokolezwa: vyote hivyo ni sukari ya kuongezwa. Kikitajwa kimojawapo miongoni mwa viungo vitatu vya mwanzo, kopo hilo lirudishwe kwenye rafu. Wazee wa Oman waliorejea kutoka Zanzibar bila kuzoea kusoma Kiarabu wana haki ileile ya habari, na si aibu kumwomba muuzaji awasomee.

Katika mikoa ya tende jambo hili linataka uangalifu zaidi. Tende nzima iliyopondwa vizuri ni tunda. Dibsi yake, yaani sharubati ya tende, huhesabiwa kuwa sukari, hata kopo likiandikwa kwamba halina sukari nyeupe. Asali, iwe ya dukani au ya milimani, haifai kabisa kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hata ya kupumulia.

Haki nyingine huanza kabla ya uji, mtoto akiwa bado ananyonya. Sheria ya Kazi, Amri Namba 53 ya 2023, inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 98, na baada yake saa moja kila siku ya kumhudumia mtoto kwa muda wa mwaka mmoja. Kanuni ya kimataifa ya 1981 kuhusu maziwa ya kopo inakataza kampuni kuwagawia akina mama sampuli za bure. Mama anayepewa sampuli hiyo anaweza kuikataa na kuitolea taarifa.

Mwenye lalamiko asitupe kopo. Ahifadhi risiti, apige picha ya orodha ya viungo, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, kisha apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kumlinda Mtumiaji, Himayat al-Mustahlik. Mamlaka hiyo ina idara mikoani, kwa hiyo mkaazi wa Ibra, Sur au Nizwa hahitaji kusafiri hadi Maskati kudai haki yake.