Masharti ya Shahada ya Uzamivu katika Kemia

Mgonjwa anapomeza dawa ya malaria, hamwoni mkemia aliyepima kidonge na kuthibitisha kiasi cha dawa kilichomo. Hata hivyo, tiba humtegemea. Makala haya yanawalenga wahitimu wanaokusudia kusomea uzamivu katika kemia.

Nchini Tanzania, shahada ya kwanza ya chuo kikuu huwekwa katika ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Kwa kawaida, basi, mwombaji hutakiwa kuwa na uzamili wa kemia au fani iliyo karibu nayo. Huambatisha vyeti, matokeo ya masomo, barua za wadhamini wa kitaaluma na andiko la utafiti. Nchini Marekani, vyuo vingi hupokea wenye shahada ya kwanza. Mwanafunzi husoma kozi, husaidia kufundisha na kufanya utafiti kwa takriban miaka 5, na mara nyingi idara humlipia ada na kumpa posho. Asiye na uzamili asidhani kuwa milango yote imefungwa.

Vyeti humwingiza mwanafunzi chuoni. Havimfikishi kwenye tasnifu. Anayetaka kuchunguza mmea unaotibu malaria atahitaji kutenganisha viambato vyake na kutambua muundo wa kila molekuli. Je, mashine ya kazi hiyo ipo? Inafanya kazi? Nani atalipia vipimo na kemikali? Msimamizi anaijua mada hiyo, na ana nafasi ya kumwongoza? Maswali haya yaulizwe kabla ya kukubali nafasi, kwani miaka inayopotea kwa kusubiri kifaa hairudishwi na mfadhili yeyote. Utafiti ukihusisha damu ya binadamu, kibali cha maadili hupatikana kabla ya kuchukua sampuli, si baadaye.

Tu Youyou wa China, aliyeongoza ugunduzi wa artemisinini, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 bila kuwa na uzamivu. Mfano wake haupunguzi thamani ya shahada hiyo. Unatukumbusha kwamba shahada hulitumikia swali.

Kabla ya kujaza fomu, mwombaji aandike swali lake kwa sentensi moja. Chini yake ataje msimamizi, kifaa na chanzo cha fedha. Palipobaki wazi ndipo pa kuanzia kazi.