Akianguka Kifafa, Usimkimbie

Povu linalomtoka mtu aliyeanguka kifafa ni mate yake yaliyochanganyika na hewa, kwa kuwa wakati ule hawezi kumeza. Likiwa na damu, kajiuma ulimi. Haliambukizi. Mkojo wake hauambukizi, wala ushuzi, ijapokuwa bado wapo wanaotawanyika akijamba. Tumeanza na povu kwa sababu hofu yake huwaunguza watu. Mama ameangukia jikoni, mkono uko kwenye mafiga, na waliopo wanangoja atulie ndipo wamguse. Mvute pale pale, hata kama bado anatikisika.

Akishakuwa mbali na moto, tazama saa. Tia kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza vifungo vya shingoni, mwache atikisike bila kumkandamiza. Kijiko kiacheni kabatini: ulimi haumezwi, na kijiko huvunja meno. Mtikisiko ukikoma mlaze ubavu ili mate yatoke. Asipewe maji wala dawa mdomoni kabla hajazinduka vizuri. Zikipita dakika 5 anatikisika tu, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, tafuteni usafiri wa hospitali. Vivyo hivyo kwa mjamzito, kwa aliyeumia, na kwa anayeanguka kwa mara ya kwanza.

Kinatoka wapi?

Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo sana. Kifafa ni pale zinapourusha kwa fujo, tena mara kwa mara. Si lazima mtu aanguke: mtoto anayeduwaa sekunde chache, kisha akaendelea na somo, huenda anacho, naye huchapwa kwa kutosikiliza. Degedege la homa kwa watoto wadogo ni jambo jingine, lakini nalo ni la kukimbizwa hospitali, maana nyuma yake huenda kuna malaria.

Mara nyingi chanzo hakijulikani. Wengine walichelewa kupumua walipozaliwa, au waliumia kichwa, au malaria iliwapanda kichwani. Wengine wana tegu wa nguruwe ubongoni, na hapa wengi hushangaa: hata asiyegusa nguruwe humpata, kwani mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kufika mdomoni kwa mikono au mboga zisizooshwa. Choo na sabuni, basi, ni kinga ya kifafa. Mahenge, mkoani Morogoro, watafiti wamekihusisha pia na usubi. Huko huko daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu, ikawatuliza wengi.

Vidonge

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa. Tatizo huja mgonjwa akipata nafuu: miezi sita hajaanguka, familia inasema kapona, vidonge vinawekwa kando. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mtikisiko usiokatika, na huo huua. Daktari ndiye anayepunguza, tena polepole, kwa kawaida baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka. Mwanamke anayepanga kuzaa aongee naye kabla ya mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa, hasa valproeti, humdhuru mtoto tumboni.

Vidonge vikibaki vya wiki moja, rudini kliniki.