Jina la Chekechea Yako: Mzazi Ataliona Kwenye Simu Siku ya Kulipa Karo

Umepata nyumba ya kukodi, umenunua viti vidogo na bembea, na walimu wawili wako tayari. Imebaki jina. Wengi huanza kwa kuuliza, "Lipi ni tamu?" Ni swali zuri, lakini sio la kwanza. Jina la chekechea hufanya kazi kubwa wakati wewe haupo: mzazi yuko kwa matatu ama sokoni, anatuma karo, na jina la anayepokea linatokea kwenye simu yake. Hapo anaamua haraka kama pesa zinaenda kwa shule ya mtoto wake ama kwa mtu asiyemjua.

Leo tuangalie jinsi ya kuchagua jina ambalo halitamtia mzazi wasiwasi.

1. Jina liwe moja kila mahali

Hali hii ni ya kawaida: langoni pameandikwa jina la shule, lakini Till imesajiliwa kwa jina la biashara nyingine ya mwenye shule, lile linaloishia na "Enterprises". Mzazi mgeni akiliona anasita. Anapiga simu, haishikwi, karo inangoja hadi wiki ijayo.

Hata hivyo, mzazi anayesita ni afadhali. Hatari kubwa ni yule aliyezoea. Mzazi aliyezoea kulipa jina asilolijua hana cha kumshtua. Shule zikifunguliwa Januari, tapeli akimtumia ujumbe, "Nambari yetu ya karo imebadilika, tuma hapa," jina geni litatokea na yeye ataona ni kawaida tu. Lakini kama muhula wote amekuwa akiona jina lile lile la langoni, jina tofauti litamsimamisha kabla pesa hazijapotea.

Kwa hivyo chagua jina ambalo unaweza kuliweka langoni, kwenye cheti cha biashara, kwenye akaunti ya benki na kwenye Till ama Paybill bila kulibadilisha.

2. Lisifanane na la jirani

Majina yenye "Angels", "Stars" na "Bright" yanapendwa sana. Shida ni kwamba mtaa mmoja unaweza kuwa na matatu kama hayo. Mzazi akiona "Bright Stars" kwenye simu, ni ipi? Ya karibu na kanisa ama ya karibu na steji? Ukipenda neno la kawaida, ongeza kitu cha kulitofautisha.

Neno la Kiswahili linaweza kukusaidia hapa. Tuseme "Kifaranga". Linaandikwa jinsi linavyotamkwa, na hata nyanya anayemlipia mjukuu atalisoma bila shida. Uliza pia wenyeji kama neno ulilochagua lina maana mbaya kwa lugha ya hapo.

3. Lifupishe

SMS moja hubeba herufi 160. Ndani yake kunatakiwa kiasi, tarehe, nambari ya malipo na jina lako. "Kingdom Blessed Little Angels Nursery and Preparatory Academy" ni herufi 61 ukihesabu nafasi, zaidi ya thuluthi ya ujumbe wote. "Kifaranga Nursery" ni 17. Jina refu pia watu hulikata wenyewe, kila mtu kivyake, na punde shule moja inakuwa na majina manne.

4. Lisikufunge

Leo una PP1 na PP2 pekee. Je, baada ya miaka mitatu utataka Gredi ya 1? Neno "Nursery" litakubana. Jina la mtaa nalo linasaidia kukutambulisha, lakini litakusumbua ukihama. Kubadilisha jina baadaye ni kubadilisha cheti, muhuri, sare na jina la malipo, halafu kuwafunza wazazi upya.

5. Hakikisha kabla ya kuchapisha sare

- Andaa majina matatu, kwa sababu la kwanza linaweza kuwa limechukuliwa.
- Tafuta jina kupitia eCitizen, kwenye huduma ya usajili wa biashara. Jina linaloonyesha kana kwamba shule ni ya serikali ama ya kaunti halipiti bila idhini.
- Kumbuka kusajili jina la biashara sio kusajili shule. Kwa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo pitia ofisi ya elimu ya kaunti yako uulize masharti.
- Ukitaka kulinda jina kama chapa, hiyo ni hatua nyingine, kupitia KIPI. Ulinzi hudumu miaka 10 na unaweza kuongezwa.
- Mwisho, fanya jaribio la simu. Mpigie mtu asiyejua mpango wako, mtajie jina mara moja, kisha mwambie akuandikie kwa SMS. Akilikosea, wazazi pia watalikosea.

Na kama shule tayari ina majina mawili?

Bado unaweza kurekebisha. Peleka cheti chako kwa mtoa huduma wako wa malipo uombe jina la Till ama Paybill lilingane na la shule. Kabla ya mabadiliko, waambie wazazi ana kwa ana na kwa barua yenye muhuri, sio kwa SMS pekee. Wape sheria moja rahisi: wakiona jina ambalo haliko langoni, wasikamilishe malipo. Wapige simu shuleni kwanza, kwa nambari waliyo nayo tangu zamani.