Nguo za Mwindaji Katika Shamba la Mkulima



Somo la mwezi huu ni juu ya nguo za kazi. Huenda msomaji akauliza, "Nguo zina habari gani na ukulima?" Zina habari kubwa. Jembe baya utalijua siku ya kwanza, maana litapinda. Nguo mbaya haipindi. Hukutesa polepole kwa joto, kwa unyevu na kwa magonjwa, nawe wadhani ni kazi yenyewe inayokuchosha.

Kila aliyezunguka soko la Kibuye mjini Kisumu, hasa siku ya Jumapili, ameona marobota ya mitumba yakifunguliwa. Pamoja na mashati na suruali za kawaida, mara nyingine hutoka makoti mazito yenye mabaka ya majani, matawi na magome ya miti. Hayo ni mavazi ya wawindaji wa nchi za baridi. Mengi yana lebo ya kampuni yenye sifa, na lebo husema kwamba nguo haiingizi maji, kwamba hupitisha jasho, na kwamba humficha mvaaji. Muuzaji naye huongeza yake: "Hii ni ya shamba hasa!"

Basi na tuyapime maneno hayo moja moja, tuone kama yanasimama huku kwetu, tangu tambarare za Kano na Nyando mpaka Seme, Bondo na Homa Bay.

MABAKA HAYO YALITOKA WAPI

Rangi ya kujifichia si jambo geni. Hata kaki tunayoijua sote ilianza hivyo. Jina lake latoka India, na maana yake ni rangi ya vumbi. Askari waliokuwa chini ya Waingereza huko walianza kuivaa katika miaka ya 1840.

Lakini mabaka ya wawindaji ni ya juzi tu. Mwaka 1980 Mmarekani Jim Crumley alianza kuuza nguo zenye mfano wa gome la mti, akaziita Trebark. Mwaka 1986 wakafuata wengine wawili: Toxey Haas wa jimbo la Mississippi, aliyeanzisha Mossy Oak, na Bill Jordan wa jimbo la Georgia, aliyeanzisha Realtree. Kila mmoja aliiga miti ya kwao. Haas alitumia majani, vijiti na udongo aliookota katika msitu aliowinda, akataka kitambaa kifanane navyo.

Hapo ndipo penye jibu la kwanza. Nguo hizo zilichorwa zifanane na msitu wa mialoni wa Marekani. Mwindaji huketi kimya chini ya mti, saa nyingi, akingoja kulungu. Shamba la mpunga la Ahero halina mialoni. Lina kijani kibichi, maji na udongo mweusi. Tena mkulima haketi kimya. Huinama, huinuka, hutembea. Na mtu anayetembea huonekana, hata akivaa majani ya kweli, kwa kuwa jicho la mnyama hushika upesi kitu kinachojongea.

MACHO YA WANYAMA

Wanyama hawaoni rangi kama sisi. Kulungu, ng'ombe na swala wana aina mbili tu za chembe za kuonea rangi, na sisi tuna tatu. Wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha Georgia mwaka 1992 walipima macho ya kulungu, wakakuta kwamba rangi ya machungwa haimwakii kama inavyotuwakia sisi, ila rangi ya buluu huiona vizuri. Majimbo mengi ya Marekani huwalazimisha wawindaji kuvaa kizibao cha rangi ya machungwa iliyokoza juu ya mabaka yao. Kulungu hashtuki, bali mwindaji mwenzake humwona, asimpige risasi. Liweke jambo hili moyoni, msomaji: hata wale walioshonewa nguo za kujifichia wameona kwamba usalama wa mtu uko katika kuonekana.

Sasa tazama adui zetu sisi. Tumbili na nyani huona rangi tatu kama binadamu. Ndege huona zaidi yetu, maana wana aina nne za chembe hizo. Kwelea waliovamia mashamba ya mpunga ya Kisumu mwanzoni mwa mwaka 2023 hawakuja kumwinda mtu wala kumkimbia. Walikuja kula. Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku moja. Mtoto anayewafukuza kwa kupiga debe na kurusha madongo anataka nini? Anataka waonekane, yeye na debe lake! Kumvika nguo ya kumficha ni kama kumfunga mbwa kinywa kisha kumwambia abweke.

Kuwinda nako si kazi tena katika Kenya. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kuukataza. Kwa hiyo ile kazi moja ambayo nguo hizo zilishonewa haipo kwetu.

JAMBO LA SHERIA

Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya, Sura ya 63, humkataza raia kuvaa sare ya jeshi au ya polisi bila ruhusa, au vazi lenye sura ya sare hiyo. Utasema, "Langu lina majani ya mwaloni, si la askari." Lakini polisi anayekuona jioni kwa mbali hatahesabu majani. Koti hilo laweza kukupeleka kituoni kujieleza, na siku ya kazi imepotea. Wala usimvike mtoto nguo ya namna hiyo kwa kumpamba.

LEBO ISEMAYO "HAIINGIZI MAJI"

Hapa tuseme haki: makoti mengine ya aina hii yalishonwa kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aligundua namna ya kuvuta plastiki fulani mpaka ikawa utando wenye matundu madogo mno. Tone la mvua haliwezi kupita, lakini mvuke wa jasho hupita. Utando huo hujulikana kwa jina la Gore-Tex.

Walakini kuna sharti. Mvuke wa jasho hutoka vizuri ikiwa ndani ya koti kuna joto na unyevu kuliko nje. Katika baridi ya alfajiri ya Marekani sharti hilo hutimia. Kando ya Ziwa Victoria, mvua ya mwezi wa Aprili ikinyesha, hewa yenyewe imejaa joto na unyevu. Jasho halina pa kwenda. Utabaki umelowa ndani kwa jasho lako, wakati nje mvua haikukugusa. Na koti likiwa limejazwa sufi ya kuzuia baridi, mtu huweza kuzidiwa na joto akaanguka shambani.

Tena koti la mtumba lina umri. Makoti mengi ya bei nafuu hayana utando huo, bali yamepakwa plastiki upande wa ndani. Plastiki hiyo huharibika kwa joto na unyevu, ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Lebo itabaki mpya, lakini kazi iliyoandikwa juu yake imekwisha.

NAMNA YA KUPIMA KABLA YA KUTOA FEDHA

Usisome lebo tu. Soma kitambaa.

1. Mpimie maji. Dondosha tone la maji juu ya bega la koti, maana hapo ndipo mvua hupiga kwanza. Likisimama kama shanga, kitambaa bado kina nguvu. Likinywewa mara moja, nguvu imekwisha.

2. Geuza ndani nje. Tazama kwapani na mabegani. Ukiona vipande vinavyobanduka, au ukigusa ukakuta pananata, liache.

3. Liinue mbele ya jua. Mwanga ukipita kama katika chandarua, miiba na majani ya miwa nayo yatapita.

4. Vuta mshono kwa mikono miwili, hasa wa katikati ya suruali. Mshono wa kazi hushonwa mara mbili au tatu. Jaribu na zipu, maana zipu iliyokufa ni gharama nyingine.

5. Ukiisha kununua, chomoa uzi mdogo kwenye pindo, uuchome mahali pa wazi ukiushika kwa kibano. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua, ikaacha majivu laini. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jaribio hili laweza kukuokoa ngozi, kama utakavyoona hapa chini.

KILA KAZI NA NGUO YAKE

Miwa. Katika mashamba ya Muhoroni, Chemelil na Miwani, majani ya miwa hukata ngozi kama wembe. Vaa shati la mikono mirefu na suruali nene ya pamba, kama vile kaki au jinzi. Na pale miwa inapochomwa, au moto unapozuka, usikaribie na nguo ya poliesta. Pamba nayo huungua, lakini poliesta huyeyuka na kuganda juu ya ngozi, na jeraha lake ni baya.

Mpunga. Hapa adui ni maji na konokono, maana konokono wa maji matamu hueneza kichocho. Koti la kifahari halina msaada. Kilicho na msaada ni buti za mpira zisizo na tundu. Nguo ziwe nyepesi, za rangi isiyokoza na zenye kukauka upesi. Jioni jifunike mikono na miguu, kisha ulale ndani ya chandarua, maana malaria ya kanda hii haina mchezo.

Kunyunyiza dawa. Nguo ya kuzuia mvua haikupimwa kwa dawa ya wadudu, hivyo usiitegemee. Vaa ovaroli ya mikono mirefu, glavu za mpira, kinga ya macho na ya pumzi kama ilivyoagizwa kwenye chupa, na buti. Mguu wa suruali uwe nje ya buti, dawa isitiririke ndani. Fua nguo hizo peke yake, mbali na za watoto.

Malisho. Wafugaji wa bonde la Lambwe, karibu na Mbuga ya Taifa ya Ruma, wasikilize sana. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukivaa shati la buluu iliyokoza umejifanya mtego usio na sumu. Vaa kaki au rangi nyingine iliyopoa, na kitambaa kiwe kinene kiasi, kwa kuwa mbung'o huuma kupitia nguo nyepesi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeushinda malale usiwe tena tatizo la afya ya umma. Lakini mbung'o wenyewe bado wapo, na nagana bado huua ng'ombe.

Uvuvi. Mvuvi wa Dunga au wa Uyoma anayefuata omena usiku hana haja ya kufichwa. Chombo kikipinduka, wenzake watatafuta kwa macho. Koti zito lenye sufi hunywa maji na kumlemea mwogeleaji. Jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa humwelesha na kumwonyesha. Hiyo ndiyo nguo ya kutolea fedha kwanza, kabla ya koti lo lote lenye jina.

Njiani. Ukirudi kwa miguu au kwa baiskeli jioni katika barabara ya Ahero, vaa kitu cheupe au kizibao chenye kung'aa. Dereva hawezi kumkwepa mtu asiyemwona.

MWISHO WA SOMO

Alama ya kampuni hutuambia nani aliyeshona nguo, na pengine alishona vizuri. Haituambii ilishonewa nani. Mwindaji wa Mississippi alitaka kitu cha baridi, cha kimya na cha kumficha. Mkulima wa Kano ataka kitu cha kumpitishia hewa, cha kumkinga na cha kumwonyesha. Kwa hiyo ukienda Kibuye na fedha za mavuno, anza na kazi yako, kisha kitambaa, kisha mshono. Jina liwe la mwisho.

MASWALI YA KUJIJARIBU (yafaa kusomwa katika vikundi)

1. Kwa nini wawindaji wengi wa Marekani huvaa rangi ya machungwa, ingawa wana nguo za mabaka?
2. Koti linalopitisha jasho katika nchi ya baridi hushindwaje kando ya ziwa wakati wa mvua?
3. Uchomapo uzi, utajuaje kama ni wa pamba au wa poliesta? Jambo hili lina faida gani kwa mkata miwa?
4. Mchungaji wa Lambwe asivae rangi gani, na kwa sababu gani?
5. Chukua nguo moja ya kazi iliyo nyumbani kwako, uipime kwa njia ya 1 mpaka ya 4. Yafaa kwa kazi gani?