MAMA ASIYESAHAU



Katika kila kijiji yupo mtu ambaye wenzake humwendea wanapotaka kujua jambo la zamani. Anajua mpaka wa shamba ulipita wapi. Anajua mtoto wa nani alizaliwa mwaka wa njaa. Anajua mahari ililipwa ng'ombe wangapi, na wangapi walibaki deni. Mara nyingi mtu huyo ni mama. Watu humsifu kwa kukumbuka. Lakini ni wachache wanaomwuliza kama mzigo huo ni mzito.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu:
(a) Kwa nini tunakumbuka, na kwa nini tunasahau.
(b) Kwa nini si halali kumwita mtu mchawi kwa sababu anakumbuka sana.
(c) Jinsi daftari linavyoweza kupunguza mzigo wa kichwa.

1. MFANO WA MAMA MMOJA

Hadithi hii ni ya mfano, ili tupate kujadiliana.

Mama mmoja anaishi katika kijiji cha Ufipa, si mbali na Sumbawanga. Analima mahindi, maharage na ulezi. Ana watoto wanne walio hai. Mama huyu hasahau kitu.

Siku moja, baada ya mavuno, shemeji yake alikuja nyumbani.

"Shemeji, nisaidie debe moja la ulezi," alisema.

"Karibu, shemeji," mama alijibu. "Lakini debe la mwaka juzi bado hujarudisha. Ulikuja siku ya Jumanne, siku moja baada ya mvua ya mawe. Ulivaa koti lililochanika mfuko. Ulisema utarudisha ukishauza maharage."

Watu waliokuwapo walicheka. Shemeji hakucheka. Alisema, "Mambo haya unayajuaje? Hata mimi mwenyewe nimeyasahau." Akaondoka bila kuaga.

Tangu siku ile maneno yakaanza kutembea kijijini. Kisimani walisema, "Yule mama ana kitu." Kilabuni walisema, "Mtu wa kawaida hakumbuki hivyo."

Watu hawakujua usiku wa mama yule ulivyokuwa. Mtoto wake wa pili alikufa kwa homa miaka 11 iliyopita. Watu wa nyumbani wanakumbuka kwamba ilikuwa wakati wa mvua. Yeye anakumbuka njia yote ya kwenda zahanati. Anakumbuka jiwe alilokalia kupumzika. Anakumbuka kitenge alichomfunika mtoto. Na bado anayasikia maneno ya mama mkwe wake siku ya msiba: "Ulichelewa mno." Mama mkwe aliyasahau maneno hayo zamani. Wazee husema, mtenda husahau, lakini mtendewa hasahau.

Je, mama huyu ana uchawi? Tuendelee kusoma.

2. KUKUMBUKA NI KAZI YA UBONGO

Ubongo ni kiungo cha mwili, kama moyo au ini. Moja ya kazi zake ni kutunza habari. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na upande wa kushoto, iko sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Sehemu hii husaidia kuweka habari mpya ili zidumu. Ikiumia vibaya, mtu anaweza kuongea nawe asubuhi na mchana asikumbuke kwamba mlionana.

Mambo matatu husaidia habari kukaa kichwani:

Kwanza, kurudia. Jambo unalolisema au kulifanya mara nyingi hukaa zaidi. Ndiyo maana katika kisomo tunarudia herufi na maneno.

Pili, kuguswa moyo. Mtu akiogopa, akifurahi au akihuzunika sana, mwili hutoa kemikali ambazo huuambia ubongo, "Jambo hili ni kubwa, litunze." Kwa hiyo mama aliyefiwa anaweza kukumbuka kitenge na jiwe, wakati jirani hakumbuki hata mwezi.

Tatu, kulala. Wakati tumelala, ubongo hupanga mambo ya mchana.

Na kusahau je? Kusahau si ugonjwa kila mara. Mkulima akipeta ulezi, pumba huenda na upepo na punje hubaki. Ubongo nao hupeta. Kama ungekumbuka kila salamu, kila tusi na kila maumivu kwa nguvu ile ile, ungechoka. Kusahau kiasi ni pumziko.

3. MWANAMKE WA MAREKANI

Wako watu wachache sana duniani ambao ubongo wao haupeti hivyo. Mmoja ni mwanamke wa Marekani aitwaye Jill Price, aliyezaliwa mwaka 1965.

Mwezi wa Juni mwaka 2000, akiwa na miaka 34, aliandika barua kwa mtaalamu wa kumbukumbu aitwaye James McGaugh, wa Chuo Kikuu cha California. Aliomba msaada. Alieleza kwamba anakumbuka karibu kila siku ya maisha yake tangu mwaka 1980. Watu walidhani ana kipawa. Yeye aliona ni mzigo. Mambo ya zamani yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine, bila kuitwa. Kosa la zamani lilimuuma kama la leo.

McGaugh na wenzake walimpima kwa miaka kadhaa. Siku moja walimwambia aandike tarehe za sikukuu ya Pasaka kwa miaka 24. Kila mtu anajua kwamba Pasaka hubadilika tarehe kila mwaka. Aliandika zote kwa dakika 10, akakosea moja tu, kwa siku mbili. Tena aliongeza alichofanya siku hizo. Walijuaje kwamba hasemi uongo? Mwanamke huyo alikuwa na mazoea ya kuandika mambo yake ya kila siku. Walilinganisha maneno yake na daftari zake.

Habari zake zilitangazwa na wataalamu hao mwaka 2006. Baada ya hapo walipatikana watu wengine wachache wa namna hiyo. Katika mambo hayo yako mawili ya kushangaza.

La kwanza, mwanamke huyo hakuwa hodari kuliko wenzake katika kukariri masomo ya shule. Nguvu yake ilikuwa katika mambo ya maisha yake mwenyewe.

La pili, mwaka 2013 wataalamu walieleza kwamba walipima watu 20 wenye kumbukumbu za namna hii. Waligundua kwamba hata wao waliweza kushawishika kukumbuka jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo hakuna kichwa kisichokosea kabisa.

4. UFIPA NA KUMBUKUMBU

Wafipa wanajua thamani ya kukumbuka. Zamani hawakuwa na vitabu, lakini walikuwa na elimu.

Mafundi wao waliyeyusha chuma katika tanuri refu za udongo ziitwazo malungu. Baadhi ya tanuri hizo, au mabaki yake, bado yanaonekana. Fundi alihitaji kujua udongo upi, mawe yapi, makaa ya mti gani, na hatua ipi hufuata ipi. Yote hayo yalitunzwa kichwani na kufundishwa kwa mkono. Kazi hiyo ilipokoma katika karne ya 20, sehemu ya elimu hiyo ilizikwa pamoja na wazee.

Wakulima nao walikuwa na kilimo cha matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Majani hufunikwa kwa udongo wakati wa mvua ili yaoze. Maharage hupandwa juu yake. Msimu unaofuata tuta husambazwa na nafaka hupandwa. Ni lazima kukumbuka shamba lipi lilipumzika na lipi lilichoka. 

Historia pia ilitunzwa kwa mdomo. Wazee husimulia juu ya Milansi, ufalme wa kale, na juu ya wanawake wageni, Watwaci, waliofika na kuanzisha utawala mpya. Baadaye zikawapo tawala mbili, Nkansi na Lyangalile. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Mwingereza, Roy Willis, aliishi Ufipa akasikiliza wasimulizi. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha masimulizi ya Wafipa. Kwa sababu yaliandikwa, masimulizi hayo yanaweza kusomwa hata sasa.

5. ANAYEKUMBUKA SI MCHAWI

Wengi hueleza kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Ni jina zuri tukilielewa vizuri. Lakini mara nyingi watu hawakutupa uchawi, walimtupa mtu.

Katika miaka ya 1963 na 1964 kundi la kutafuta wachawi, lililoitwa Kamcape, lilipita katika vijiji vya Ufipa. Watu walitajwa hadharani. Wengi wa waliotajwa walikuwa wazee. Hata baada ya miaka hiyo, wapiga ramli hawakukoma kupita vijijini, kuchukua fedha za watu na kuacha chuki nyuma yao.

Ni nani hutajwa kwa urahisi? Ni mzee, ni mjane, ni mtu aliye tofauti. Mama anayekumbuka madeni ya watu ana maadui tayari. Mwenye deni hupenda kusikia kwamba anayemdai ni mchawi, maana deni la mchawi hakuna anayelilipa.

Sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, na inakataza kumtangaza mtu kuwa mchawi. Kumpiga, kumfukuza au kumchomea nyumba ni makosa mengine makubwa. Ukisikia maneno hayo yanaanza kijijini, usingoje. Mwambie mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kijiji mapema.

6. DAFTARI NI GHALA LA PILI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunajua maana yake katika biashara. Lakini daftari linafaa pia kwa amani.

Turudi kwa mama wa mfano wetu. Alijiunga na darasa la kisomo. Alipojua kuandika, alinunua daftari. Alipokopesha debe la ulezi aliandika tarehe, jina na kiasi, na mkopaji akatia sahihi yake. Shemeji aliposahau tena, mama hakusema neno. Alifungua ukurasa. Shemeji aliona sahihi yake mwenyewe, akacheka, akalipa. Hakuna aliyesema "ana kitu". Kitu chenyewe kilikuwa mezani, kila mtu akakiona.

Kisha aliandika jambo gumu zaidi. Aliandika siku ya kufiwa na mtoto: njia, jiwe, kitenge, na maneno ya mama mkwe. Jioni moja alimsomea mama mkwe wake. Bibi yule alinyamaza kwa muda mrefu.

"Mimi nilisema hivyo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Sikumbuki. Lakini kama nilisema, nilikosa. Hukuchelewa, mwanangu. Mvua ilikuwa kubwa, na mto ulijaa. Nisamehe."

Je, mama alisahau baada ya hapo? Hakusahau. Bado anaona jiwe na kitenge. Lakini sasa, maneno ya zamani yanapokuja, na haya mapya huja nyuma yake. Tena hayabebi peke yake.

7. MAMBO YA KUANDIKA NYUMBANI

Anza na haya:
- Tarehe ya kuzaliwa kwa kila mtoto, hata kama una cheti.
- Tarehe za chanjo na za kurudi kliniki.
- Madeni: unayodai na unayodaiwa, pamoja na sahihi.
- Shamba lipi lilipandwa nini, na mavuno yalikuwa kiasi gani.
- Masimulizi ya wazee wa nyumbani. Mzee aseme, mjukuu aandike.
- Jambo linalokusumbua moyoni. Hili si lazima mtu mwingine alisome.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja mambo matatu yanayosaidia habari kukaa kichwani.
2. Kwa nini shemeji hakucheka pamoja na wenzake?
3. Jill Price alisaidiwaje na maandishi yake alipokuwa anapimwa?
4. Katika kijiji chenu, ni elimu gani ya wazee ambayo bado haijaandikwa? Nani ataiandika?
5. Kama ungekuwa kisimani siku watu waliposema "Yule mama ana kitu", ungesema nini?

ZOEZI

Mwulize mama yako, bibi yako au mzee wa jirani jambo moja ambalo hawezi kulisahau. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize. Kisha liandike kwa sentensi tano, umsomee. Mwulize kama umeandika sawasawa. Kama umekosea, sahihisha.