Kitabu cha Chuo Kikuu Mikononi mwa Kidato cha Tano

*Nasoma CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), kidato cha tano. Kitabu cha chuo cha sayansi ya mazingira kinanishinda. Je, akili yangu haitoshi? — Msomaji, Kayanga, Karagwe*

Hofu yako, mwanangu, haina msingi, kwani kitabu hicho humdhania msomaji amekwisha hitimu kemia ambayo wewe ndiyo kwanza waianza. Anza na sura ya udongo, ukiilinganisha na kibanja cha nyumbani, ambako majani makavu yaliyotandazwa mashinani mwa migomba huhifadhi unyevu na, yakioza, kurudisha rutuba; kisha soma habari za hifadhi za jirani, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopewa hadhi ya hifadhi za taifa mwaka 2019. Panapokushinda, muulize mwalimu wako wa biolojia. Na masomo ya mtihani yakizorota, kiweke kitabu hadi likizo. Shahada ya sayansi hiyo ya mazingira hufundishwa, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.