Mafunzo Niliyopata Nikiwapigania Wanafunzi Wenye Ulemavu

Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi ya serikali. Haya nawaandikia wazazi na walimu vijana mnaotaka mtoto mwenye ulemavu asome mpaka afike mbali.

1. Nenda na kifungu mkononi

Mama mmoja alimleta binti yake, anayetumia kiti cha magurudumu, kuandikishwa darasa la kwanza. Akaambiwa ampeleke shule maalumu, mkoa mwingine. Yule mama hakulia wala hakubembeleza. Alifungua pochi, akatoa nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, akaiweka mezani kwenye kifungu cha 27: mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kuandikishwa shule ya umma au ya binafsi, na asome shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Nilichostaajabia ni kwamba hakuna aliyembishia. Binti akaandikishwa asubuhi ile ile.

Tangu siku hiyo namwambia kila mzazi: usiende kuomba huruma. Unadai kilichokwisha kupitishwa na Bunge.

2. Chunguza choo kabla ya darasa

Binti yule yule alikuwa hanywi chai nyumbani, wala maji shuleni, hata kwenye jua kali. Niligundua kwa kuchelewa kwamba kiti chake hakikuweza kupita mlango wa choo, naye alikuwa anajizuia mchana kutwa. Mtoto wa miaka saba! Tulipeleka suala hilo kamati ya shule. Fundi akapanua mlango na kumwaga mteremko wa zege. Haikuwa kazi kubwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi. Kwa hiyo jina likishaingia kwenye daftari la mahudhurio, ndipo ufuatiliaji unapoanza. Muulize mtoto anakaa wapi, anaona ubao, anamsikia mwalimu, anakwenda wapi akibanwa.

3. Mtihani wa taifa huanzia kwenye usajili

Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu, na wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa. Huwaongezea pia muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wazazi wengi niliokutana nao hawakuwa na habari hiyo. Nakumbuka kijana mwenye ualbino aliyezoea kunusa daftari ili asome; alipofunguliwa karatasi ya maandishi makubwa, aliinua kichwa akaandika kama wenzake. Lakini shule isipojaza hitaji lake wakati wa usajili, karatasi hiyo haiji. Nenda ukahakikishe kwa macho yako.

4. Andika barua

Maneno ya mdomo husahaulika mwalimu mkuu akihamishwa. Andika, bakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukikwama shuleni, panda: ofisi ya elimu kata, kisha halmashauri kwa afisa elimu maalumu na afisa ustawi wa jamii.

Na kama mtaani kwenu yuko mtoto aliyebaki ndani kwa sababu ya ulemavu, waendeeni wazazi wake wiki hii, mkiwa na nakala ya sheria.